Fomu Ndani ya Fomu

Bila shaka wengi wenu mmepata kuiona programu iitwayo Microsoft Access, ambayo tangu mwaka 1992 imetumiwa na ofisi nyingi ndogo kuweka orodha na hesabu zao. Kwa maktaba ya shule ni chombo chema. Lakini iko taabu moja inayowapata karibu wote wanaoanza kuiandikia amri, nayo ni taabu ya fomu iliyo ndani ya fomu nyingine. Nimeona yafaa niieleze, kwa faida ya wale watakaoshika kazi ya maktaba baada yetu.

Tuchukue mfano. Fomu kuu inaitwa Abasomyi, yaani wasomaji kwa Kinyarwanda. Yaonyesha mwanafunzi mmoja, jina lake na darasa lake. Chini yake iko fomu ndogo, Ibitabo, yenye vitabu alivyoazima, kila kitabu na mstari wake, pamoja na tarehe ya kukirudisha, Itariki. Sasa mtu ataka amri yake iisome tarehe hiyo. Huandika Forms!Ibitabo!Itariki, na mara kompyuta humjibu kwa kosa namba 2450, kwamba haiioni fomu hiyo. Naye hushangaa, kwani yeye aiona wazi mbele ya macho yake!

Sababu yake ni hii. Neno Forms ni orodha ya fomu zilizofunguliwa kwa nafsi zao tu. Fomu ndogo haimo katika orodha hiyo. Haifikiwi ila kwa kupitia fomu kuu, kama vile mgeni asivyoweza kuingia chumbani bila kupita sebuleni.

Basi huyo mtu hujirekebisha, akaandika Forms!Abasomyi!Ibitabo.Form!Itariki. Pengine itafanya kazi, pengine atapata kosa jingine, namba 2465, kwamba kitu kiitwacho Ibitabo hakionekani. Hapa ndipo penye siri. Fikirini picha iliyotiwa katika fremu ukutani. Fremu ni kitu kimoja, picha ni kitu kingine, na kila kimoja kina jina lake. Fomu kuu haiijui picha. Yaijua fremu tu. Ukiivuta fomu ndogo kwa kipanya na kuiweka juu ya fomu kuu, Access huipa fremu jina lile lile la picha, na kwa hiyo watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Lakini ukiichora fremu kwanza, huitwa Child na namba fulani, tuseme Child12. Hapo maneno ya haki ni Forms!Abasomyi!Child12.Form!Itariki. Neno Form la katikati ndilo linalosema, "Toka kwenye fremu, uingie ndani ya picha."

Kulijua jina la fremu si kazi. Fungua fomu kuu kwa namna ya kuichora, bofya ukingo wa fremu mara moja tu (ukibofya tena umekwisha ingia ndani ya picha), kisha tazama karatasi ya sifa zake. Mstari wa Name una jina la fremu. Mstari wa Source Object una jina la fomu iliyomo.

Kosa linalopiga kelele si baya sana. Baya ni lile linalonyamaza. Amri niliyoitaja husoma mstari mmoja tu wa fomu ndogo, ule uliochaguliwa wakati ule. Mwanafunzi mwenye vitabu vinne atasomwa kama mwenye kimoja, na kama kile kimoja tarehe yake haijapita, kompyuta itasema hadaiwi kitu. Au kinyume chake: mstari wa zamani ukiwa umechaguliwa, barua ya kudai fedha itapelekwa kwa mzazi kwa ajili ya kitabu kilichokwisha rudishwa, na huyo mzazi pengine ni mkulima atakayeuza mbuzi ili alipe. Kwa kazi ya namna hiyo usisome fomu hata kidogo. Tumia DCount, ambayo huhesabu katika jedwali lenyewe. Nayo haihesabu mstari ambao haujahifadhiwa bado, kwa hiyo hifadhi kwanza.

Jambo hili si la maktaba peke yake. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret huko Kenya, kilianza kuandika habari za wagonjwa kwa Access hii hii. Baadaye Eldoret waliingia katika mfumo mkubwa zaidi, OpenMRS, ambao ulifika pia Rwinkwavu hapa kwetu mwaka 2006. Mahali kama pale, kusoma mstari usio wake ni kusoma dawa isiyo yake.

Na wewe ukikwama, usibadilishe maneno kwa kubahatisha. Fungua fomu kuu, bonyeza Ctrl na G, na katika dirisha dogo litakalotokea andika alama ya kuuliza, kisha njia yako kipande kwa kipande. Kwanza ? Forms!Abasomyi.Name. Ikijibu, endelea: ? Forms!Abasomyi!Child12.Name. Kisha ? Forms!Abasomyi!Child12.Form.Name. Pale itakapokataa ndipo penye kosa, wala hapana haja ya kutafuta kwingine.

Likabaki jambo la mtoto kumwita mzazi. Ndani ya fomu ndogo huandikwa Me.Parent. Ukiifungua fomu ndogo peke yake, utapata kosa namba 2452, maana haina mzazi wakati huo. Tena fomu ndogo hufunguka kabla ya fomu kuu. Amri inayomwita mzazi mapema mno yaweza kumkuta hajawa tayari. Amri hiyo ihamishieni katika fomu kuu, kwenye tukio lake la Load, nayo itafanya kazi.