Mwanao Akiitwa Kuhojiwa

Mzazi msomaji, huenda mwanao amesoma hesabu mpaka chuo kikuu, na sasa ameomba kazi ya sayansi ya data katika kampuni kubwa, kama Google au Amazon za Marekani. Kazi hiyo ni nini? Ni kuzichambua habari nyingi zilizowekwa katika kompyuta, ili wakubwa wa kampuni wajue la kufanya.

Lakini kabla ya kuandikwa, yampasa kuhojiwa. Kwanza huzungumza naye kwa simu. Akifaulu, huulizwa na watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Huyu humwambia aandike amri za kompyuta kwa lugha iitwayo SQL. Yule humpa hesabu. Mwingine hutaka kujua jinsi alivyofanya kazi na wenzake.

Hebu nawe jaribu swali moja la namna hiyo. Katika watu 1,000, mmoja ana ugonjwa fulani. Kipimo humgundua kila mgonjwa, lakini katika kila wazima 100 huwasingizia 5. Umepimwa, ukaambiwa unao. Je, ukate tamaa?

Wengi hujibu upesi: “Naam, ni mgonjwa huyo!” Wamekosa. Hesabu polepole. Mgonjwa ni 1. Wazima ni 999, na kipimo kitawasingizia kama 50. Basi, katika watu 51 walioambiwa ni wagonjwa, mgonjwa wa kweli ni mmoja tu!

Umeona? Swali hili halimtafuti mwenye haraka, bali mwenye kufikiri. Kwa hiyo mwanao aseme mawazo yake kwa sauti, hatua kwa hatua, na asipoelewa aulize. Kuuliza si ujinga. Wala asihangaike kukariri mafumbo, kama lile la mipira mingapi ya gofu hujaza ndege. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa mambo ya watumishi wa Google, alisema mafumbo ya namna hiyo ni kupoteza wakati bure.

Basi, mzazi, usiseme, “Hayo si yangu.” Jioni mwambie akueleze hesabu ile ya watu 51, wewe na wote wa nyumbani. Mkielewa, amekwisha pata nusu ya kazi, maana hesabu isiyoelezeka haimfai mkubwa yeyote. Na akikosa safari hii, msimcheke. Wengi hukosa mara ya kwanza, wakajaribu tena wakapata.