Wiski Ndani ya Bia Nyeusi: Ulimi Huhesabu Ladha, Ini Huhesabu Gramu

Katika maduka ya vileo nchini Marekani kuna bia nyeusi ambayo huuzwa ghali kuliko bia za kawaida kwa sababu imelala miezi mingi ndani ya pipa lililokuwa na wiski. Wapo wanywaji wanaohoji bei hiyo. Kwa nini mtu asinunue bia nyeusi ya bei nafuu, akaimiminia toti ya wiski, akapata kinywaji kile kile? Mtengenezaji wa bia ana jibu lake kwa swali hilo. Mhudumu wa afya naye ana jibu lake, na majibu hayo mawili hayafanani.

Kazi ya pipa

Sheria ya Marekani inataka wiski iitwayo bourbon ihifadhiwe katika chombo kipya cha mti wa mwaloni kilichounguzwa kwa moto upande wa ndani. Kwa kuwa pipa lililokwisha kutumika haliwezi kutumika tena kwa bourbon, viwanda vya wiski hubaki na mapipa mengi yanayotafuta kazi nyingine. Katika miaka ya 1990, kiwanda cha Goose Island cha jijini Chicago kilianza kutia bia nyeusi kali ndani ya mapipa ya namna hiyo, na viwanda vingi vikafuata mkondo huo.

Pipa la bourbon huchukua takriban lita 200. Moto uliounguza mbao zake huvunja lignini ya mti na kuacha vanilini, kemikali ile ile inayoipa vanila harufu yake. Mwaloni una pia laktoni zenye harufu inayokaribia nazi. Joto la ghala linapopanda, bia hujipenyeza ndani ya mbao. Linaposhuka, hurudi nje ikiwa imebeba harufu hizo pamoja na wiski iliyokuwa imenywewa na mti. Wakati huohuo hewa kidogo sana hupenya na kuibadili bia polepole, ukali ukatulia na ladha zikashikana.

Toti iliyomiminwa mezani haina nafasi ya kufanya hayo yote. Vanilini na laktoni zimo ndani yake, maana wiski nayo ilitoka kwenye pipa, lakini ladha hukaa mbalimbali na mnywaji huusikia mchomo wa wiski juu ya bia. Kwa upande wa ladha, basi, mtengenezaji wa bia ana haki ya kusema kuwa vinywaji hivyo viwili si kimoja.

Hesabu ya gramu

Mwilini, hoja ya ladha haina uzito mkubwa. Kinachoathiri ubongo, ini na mimba ni alkoholi, na kiasi chake hupatikana kwa hesabu nyepesi: ujazo wa kinywaji kwa mililita huzidishwa kwa asilimia ya alkoholi iliyoandikwa kwenye chupa, hugawanywa kwa 100, kisha huzidishwa kwa 0.79. Jibu ni gramu.

Bia ya kawaida ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Bia nyeusi ya mililita 330 yenye asilimia 6 ina takriban gramu 16. Ikiongezwa toti ya mililita 30 ya wiski yenye asilimia 40, ambayo peke yake ina gramu 9 na nusu, glasi hiyo hufikia gramu 25. Bia iliyokomazwa katika pipa mara nyingi hutengenezwa ikiwa kali tangu mwanzo, kisha pipa huiongezea nguvu. Ikiwa na asilimia 14, chupa yake ya mililita 330 ina takriban gramu 36, karibu sawa na chupa mbili kubwa za bia ya kawaida.

Hapa ndipo ladha inapodanganya. Glasi iliyomiminiwa toti inachoma koo na kumwonya mnywaji, ilhali bia ya pipa inateleza kwa utamu wa vanila na kubeba alkoholi nyingi zaidi.

Ipo imani kwamba madhara hutokana na kuchanganya vinywaji. Ni kweli kwamba vileo vilivyokaa katika pipa huwa na kemikali nyingine za ziada zaidi ya alkoholi yenyewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha bourbon na vodka, ambayo ina kemikali hizo kwa uchache sana. Walionywa bourbon waliamka na maumivu na uchovu zaidi, lakini utendaji wao wa kazi haukudhoofika kuliko wa wenzao walionywa kiasi kilekile cha alkoholi ndani ya vodka. Jambo la kupima kwanza, kwa hiyo, ni kiasi cha alkoholi.

Chupa mbili katika chumba cha daktari

Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10, hutumika kutambua unywaji wenye madhara. Mwongozo wake huchukulia kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za alkoholi, na jumla ya alama 8 au zaidi huashiria unywaji wa hatari.

Chukua mfano wa mgonjwa anayekunywa chupa mbili za bia ya pipa kila Ijumaa na kila Jumamosi. Akiulizwa, atasema kweli: hunywa mara mbili kwa wiki, chupa mbili kila mara. Mhudumu akiandika chupa moja kuwa kinywaji kimoja, maswali matatu ya mwanzo yatampa mgonjwa huyo alama 3, naye ataruhusiwa kwenda zake. Lakini chupa mbili hizo zina zaidi ya gramu 70, yaani vinywaji 7. Kwa hesabu hiyo maswali yayo hayo humpa alama 9, na amekwisha kuvuka mpaka kabla ya kuulizwa swali la nne. Mgonjwa hakuficha neno. Kipimo ndicho kilichokosewa.

Mgonjwa wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asiione kamwe bia ya pipa kutoka Chicago. Hata hivyo, akiongeza toti moja katika kila bia yake, kosa la hesabu ni la namna ileile. Kwa sababu hiyo neno “chupa” halitoshi. Mhudumu aulize ni kinywaji gani, cha ujazo gani, chenye asilimia ngapi, na kama kuna kitu kilichoongezwa ndani yake.

Maswali hayo yana uzito wa pekee kwa baadhi ya wagonjwa. Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu huongeza hatari ya kuumia ini. Anayetumia dawa za usingizi anaweza kudhoofika kupumua. Mjamzito hana kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto wake. Naye aliyezoea kunywa sana kila siku asiamriwe kuacha ghafla bila uangalizi, kwa sababu anaweza kupata degedege na kuweweseka kunakohatarisha maisha.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kwa mgonjwa ambaye bado anakunywa, hatua ya kwanza ni kusoma asilimia na ujazo kwenye chupa, na kumweleza mhudumu vyote viwili, pamoja na toti aliyoongeza. Mhudumu naye apokee maelezo hayo bila kumkemea, kwani mgonjwa aliyeaibishwa leo atapunguza idadi ya chupa katika maelezo yake ya kesho, na dawa itaandikwa kwa hesabu isiyo ya kweli.