Kuzingira, Kuhusuru, Kuteka: Vitenzi Vitatu na Mizani ya Vita vya Miji katika Civilization

Katika maelezo ya vita, vitenzi kuzingira, kuhusuru na kuteka huchukuliwa aghalabu kuwa visawe. Sivyo. Kuzingira ni kukaa pande zote za kitu. Ndiko litokako neno mazingira, lililozoeleka leo kwa maana nyingine. Kuhusuru, chenye asili ya Kiarabu, huongeza dhana ya kubana: aliye ndani hapati msaada wala nafuu. Kuteka ni kutwaa. Mji waweza kuzingirwa pasipo kuhusuriwa, na kuhusuriwa mwaka mzima pasipo kutekwa.

Tofauti hiyo yafaa kueleza tatizo sugu la michezo ya mikakati inayochezwa na watu wengi katika kompyuta: mji uwe mgumu kiasi gani? Ukianguka upesi, mchezaji mmoja huangamizwa mapema na kukaa bure huku wenzake wakiendelea. Usipoanguka kamwe, hakuna sababu ya kuunda jeshi. Mfululizo wa Civilization, ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991, umelijibu swali hilo kwa njia zaidi ya moja.

Katika Civilization IV (2005) mji haukuwa na nguvu zake wenyewe. Kuta ziliwaongezea walinzi uimara tu, na walinzi wasipokuwamo, kikosi cha vita cha nchi kavu kiliweza kuingia na kuumiliki. Huko ni kuteka bila kuzingira. Kwa kuwa vikosi visivyo na idadi viliweza kurundikwa katika mraba mmoja, jeshi zima lilifika mlangoni kama mtu mmoja. Wachezaji wengi wanapocheza zamu moja kwa wakati mmoja, hatari huzidi: mshambuliaji husogea katika sekunde za mwisho za zamu, kisha hupiga katika sekunde za kwanza za zamu ifuatayo, kabla mwenye mji hajagusa kitu. Mwenye kidole chepesi humshinda mwenye akili, na hilo si jambo dogo katika mchezo unaodai kupima busara.

Civilization V (2010) iliubadili mji ukawa mpiganaji. Tangu nyongeza ya Gods & Kings ya mwaka 2012, mji ulipewa alama 200 za uhai, kikosi alama 100; nao mji huweza kumpiga adui aliye umbali wa hatua mbili. Ardhi ilikatwa vipande vya pembe sita, na kila kipande kikabeba kikosi kimoja tu cha vita. Matokeo yake ni ya hesabu tupu: mji unapakana na vipande 6, na mzunguko wa pili una 12. Mlima au ziwa likimeza baadhi yake, nafasi za adui hupungua. Aidha, mitambo ya kurusha mawe huubomoa mji lakini haiwezi kuuingia. Kuteka ni kazi ya kikosi kinachopigana ana kwa ana. Hapo kubomoa na kuteka vilitengana waziwazi. Hata hivyo mji uliozungukwa uliendelea kujiponya kila zamu. Ulizingirwa, haukuhusuriwa.

Pengo hilo lilizibwa na Civilization VI (2016). Vipande vyote vinavyoupakana mji vikiwa chini ya himaya ya adui, mji hauponi tena. Si lazima kuvikalia vyote sita, kwani kikosi cha ana kwa ana hutawala pia vipande vilivyo kando yake: viwili vilivyokabiliana, pasipo mto wa kuwazuia, vyatosha. Mwenye mji naye ana jibu la wazi, nalo ni kukivunja kimojawapo. Kanuni hii ndiyo bora kuliko zote zilizotangulia, maana humpa kila upande kazi ya kufanya.

Lakini kuteka nako kuna kesho yake. Katika Civilization V mji uliotekwa hupoteza nusu ya wakazi na kugoma kwa zamu kadhaa. Nyongeza ya Rise and Fall (2018) ya Civilization VI ilileta utiifu: mji mmoja uliotwaliwa katikati ya miji mikubwa ya adui hupungukiwa na utiifu kila zamu, na ukifikia sifuri huasi, usiwe wa yeyote. Mtekaji hulazimika kuiteka miji jirani pia, au kumpeleka huko liwali, ambaye huuongezea mji alama 8 za utiifu kila zamu, huku miji yake mingine ikibaki bila yeye.