Kimya na Utulivu katika Lugha za Kigermaniki

Mfasiri akutanapo na neno «still» katika Kijerumani hana budi kujiuliza: je, ni kimya au ni utulivu? Neno hilo hubeba maana zote mbili; na kitenzi «stillen», kilichotokana nalo, humaanisha pia kunyonyesha, yaani kumtuliza mtoto. Katika Kiingereza, «still» limekuwa pia kielezi chenye maana ya «bado», nacho kimya hutajwa zaidi kwa «quiet», neno lenye asili ya Kilatini. Mtego mkubwa zaidi ni «rolig»: katika Kideni na Kinorwe ni «-tulivu», bali katika Kiswidi ni «-a kufurahisha». Basi udugu wa maneno si umoja wa maana. Tuamuliwe na muktadha.