Kosa Lisomwe Kabla ya Novemba

Nafundisha hisabati Kidato cha Pili katika sekondari ya kata. Kila mwaka, karibu na Novemba, wanafunzi wangu hufanya Upimaji wa Kitaifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na anayeshindwa hukariri darasa. Kwa hofu hiyo shule nyingi hukimbilia kambi na mitihani ya majaribio mfululizo. Naamini tunaanzia mahali pabaya.

Nikisahihisha, naandika pembeni aina ya kosa: hajui sehemu, amesahau alama ya kutoa, au hakuelewa swali. Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza. Wanafunzi wangu wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wanakuta masomo mengi, hisabati ikiwamo, kwa Kiingereza. Nikimsomea mtoto swali lile lile kwa Kiswahili, mara nyingi analikokotoa papo hapo ubaoni. Hesabu anaijua! Kumrundikia maswali mengine ya sehemu ni kumchosha bure. Asome swali kwa sauti, alieleze kwa maneno yake, ndipo ashike kalamu.

NECTA yenyewe huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikionyesha walipokosea na kwa nini. Walimu wenzangu, tuzisome mwanzoni mwa mwaka, muda wa kurekebisha ungalipo. Nanyi wazazi, karatasi ya jaribio ikifika nyumbani, msiishie kwenye alama. Mwombeni mtoto awaonyeshe alipokosea na alivyosahihisha.