Mbwembwe za Mpiga Dramu Zina Bei Yake

Gonga meza kwa kidole kimoja, mara sita kila sekunde, kwa dakika mbili bila kupumzika. Kisha, badala ya kidole, shika kijiti. Badala ya meza, weka hai-hati, yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu wa kushoto. Wakati huohuo mkono wa pili upige sneya na mguu wa kulia ukanyage besi dramu. Hapo utakuwa umepiga wimbo mmoja tu wa panki. Mwendo wa mapigo 180 kwa dakika si wa ajabu katika muziki huo, na kwenye hai-hati kila pigo hugawanywa mara mbili. Hayo ni magongo 360 kwa dakika, 720 kwa wimbo wa dakika mbili, na yote yanatoka kwenye mkono mmoja.

Nimeanza na hesabu kwa sababu panki imezoeleka kuitwa muziki wa wasiojua kupiga. Msikilizaji asiposikia mbwembwe, hudhani ufundi haupo. Mimi naona mbwembwe ni matumizi kama matumizi mengine: zina bei, na mpigaji hodari ni yule anayejua mfukoni ana kiasi gani kabla hajaagiza.

Bei yenyewe ni muda. Katika mwendo huo wa 180, kipimo cha mapigo manne hudumu sekunde moja na theluthi. Anayetaka kuzungusha vijiti kwenye tomu, yaani dramu nyingine za seti, lazima aondoe mkono kwenye hai-hati, apite dramu tatu au nne, kisha arudi kabla pigo la kwanza la kipimo kinachofuata halijamkuta njiani. Na hai-hati ndiyo saa ya bendi. Mkono ukiondoka pale, saa imenyamaza. Mwimbaji, mpiga gitaa na mpiga besi kila mmoja anabaki na hesabu yake kichwani. Katika ngoma zetu nyingi mzigo huu hugawanywa: wapo wa kushikilia mdundo, na yupo mwenye ruhusa ya kuchombeza juu yake. Mpiga dramu wa panki ni yeye huyo mmoja. Akianza kuchombeza, hana wa kumshikia.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni Tommy Ramone wa kundi la Ramones, lililoanza New York mwaka 1974. Mzaliwa huyu wa Budapest hakuwa mpiga dramu. Alikuwa amefanya kazi ya fundi msaidizi katika studio ya kurekodi, na kwa Ramones alikusudiwa awe meneja. Joey, mwenzake kundini, alipoacha dramu ili aimbe, waliokuja kujaribiwa hawakuupata mtindo uliotakiwa, ikabidi Tommy akae kitini mwenyewe. Alikaa na sikio la fundi wa studio, sikio linalouliza wimbo unahitaji nini. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ina nyimbo 14 kwa takriban dakika 29, na ndani yake huwezi kumkuta akijionyesha. Sikiliza "Blitzkrieg Bop" pale gitaa linaponyamaza na kubaki sauti za watu wakipaza mwito juu ya dramu. Mpigaji mwingine angeiona nafasi ile tupu na kuijaza kwa tomu. Tommy aliiacha wazi, na ukumbi mzima ukapata pa kuingilia.

Tarehe 31 Desemba 1977 kundi hilo lilipiga katika ukumbi wa Rainbow Theatre, London, na onyesho likatolewa baadaye kama albamu ya It's Alive: nyimbo 28 kwa dakika kama 54. Wahenga walituambia ngoma ivumayo haidumu. Ile ya usiku ule ilivuma tangu wimbo wa kwanza na ikadumu hadi wa mwisho, kwa kuwa mpigaji hakupoteza hata gongo moja.

Je, basi kujizuia ndiyo sheria? Rat Scabies wa kundi la The Damned atakukatalia. "New Rose", iliyotoka Oktoba 1976, ndiyo singo ya kwanza ya bendi ya panki ya Uingereza, na mwanzoni tomu zinanguruma kabla gitaa halijatia neno. Scabies alikuwa mfuasi wa Keith Moon wa The Who, mpigaji aliyejaza kila upenyo aliouona. Hata hivyo wimbo haumeguki, na sababu inasikika. Tomu za mwanzo ndizo mdundo wenyewe. Hazikuisimamisha saa, zimekuwa saa. Baadaye Scabies anapomwaga mbwembwe, gitaa la Brian James linakuwa limeushikilia mwendo. Anatumia kwa wingi kwa sababu yuko wa kumlipia.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Topper Headon, aliyejiunga na The Clash mwaka 1977. Huyu uwezo alikuwa nao wa kuchezea: katika "Rock the Casbah" ya mwaka 1982 alirekodi dramu, besi na piano yeye mwenyewe. Albamu ya London Calling ya Desemba 1979 ilimtaka apige rege, roki na miondoko yenye harufu ya jazi, na kote alifika. Lakini wimbo wake ninaourudia ni "Train in Vain", ulioingizwa dakika za mwisho hata jina lake likakosekana kwenye jalada la kwanza. Unaanza kwa dramu peke yake. Hakuna ngurumo wala kuzunguka tomu. Nakshi zote zimefumwa ndani ya mdundo, kwenye tofauti ndogo za nguvu kati ya gongo na gongo. Miaka mingi baadaye kundi la Garbage lilipojenga wimbo wake "Stupid Girl", ulio kwenye albamu yao ya 1995, lilichukua mdundo huohuo kuwa msingi. Kilichoazimwa ni kile ambacho msikilizaji wa haraka asingekiita ufundi.

Kwa hiyo unaposikiliza, usihesabu mbwembwe. Chagua moja, kisha ujiulize: ingeondolewa, nani angepotea? Ikiwa mwimbaji asingejua kiitikio kinaanzia wapi, au ubeti ungekosa mlango wa kutokea, basi ile ilikuwa kazi, hata kama ilipigwa kwa kelele. Ikiwa hakuna ambaye angeshtuka, lilikuwa pambo, na bei yake wamelipa wanabendi wengine jukwaani.

Kwa kijana anayejifunza dramu nina neno moja. Weka simu kwenye kona ya chumba cha mazoezi, jirekodi ukipiga wimbo mzima kwa hai-hati, sneya na besi dramu tu, kisha usikilize mwendo wa dakika ya pili kama ni uleule wa dakika ya kwanza. Ukiwa umepungua au umekimbia, tomu ziache kwanza.