Miguu Iliyofungwa

Mtoto alilala mzima. Asubuhi anashuka kitandani magoti yakitetemeka, miguu imekakamaa na visigino havitaki kugusa chini. Hana homa, mgongo haumuumi, na ukimfinya unyayo anahisi. Ila kutembea kama jana hawezi. Ndani ya siku chache hali hiyo hutulia pale ilipofika, na hapo hubaki maisha yake yote.

Wayaka wa kusini-magharibi mwa Kongo waliuita ugonjwa huu konzo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika kwa jina hilo mwaka 1938. Kinachoharibika ni neva zinazoshusha amri kutoka ubongoni, kupitia kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, hadi kwenye miguu. Wanaopatwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,100 walipooza hivyo mkoani Nampula, Msumbiji. Miongoni mwa waliochunguza alikuwemo Hans Rosling, daktari kijana kutoka Sweden aliyekuwa akifanya kazi Nacala. Mwaka 1985 ikawa zamu ya Tarime, mkoani Mara, Tanzania. Huko nako mvua zilikuwa zimegoma, na chakula kilichobaki shambani kilikuwa muhogo mchungu.

Muhogo huo una kemikali iitwayo linamarini, na ukame huiongeza. Muhogo ukisagwa au kulowekwa, linamarini huvunjika na kutoa sumu ya sianidi, ambayo hupotea hewani ikipewa muda. Ndiyo maana bibi zetu waliloweka muhogo siku tatu hivi, wakauvundika, wakauanika hadi ukauke. Njaa haingoji siku tatu. Mama mwenye watoto wanaolia hutwanga na kupika mapema, sumu ikiwa bado ndani ya unga. Mwili una uwezo wa kuiondoa sumu hiyo, lakini unahitaji salfa inayotoka kwenye protini kama ya samaki, nyama na mayai. Anayekula ugali mtupu wiki baada ya wiki hana akiba hiyo. Hapo hakuna mchawi, wala hakuna mama wa kulaumiwa.

Jambo lenye faraja ni kwamba kinga yake haigharimu kitu. Mtafiti Howard Bradbury wa Australia aliibuni njia hii: weka unga mkavu wa muhogo kwenye beseni, utie alama ndani mahali ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha kumimina. Utandaze juu ya mkeka kwa tabaka jembamba lisilozidi unene wa sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Katika eneo la Popokabaka, Kongo, wanawake walifundishwa njia hii kijiji kwa kijiji, na konzo ikazuilika.

Aliyekwisha kupatwa hana dawa ya kumrudisha alivyokuwa, lakini hilo lisiwe sababu ya kumfungia ndani. Mazoezi ya kunyoosha misuli kila siku huzuia viungo kujikunja. Dawa za kulegeza misuli huwasaidia baadhi, na fimbo au magongo humrudisha mtoto shuleni. Mwenye kano za kisigino zilizofupika anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuzirefusha.

Jirani asikimbilie kutamka jina la konzo kabla daktari hajampima mgonjwa. Kifua kikuu kikiingia kwenye pingili za mgongo hupoozesha miguu, na mara nyingi huja na maumivu na kibyongo. Mayai ya kichocho nayo yanaweza kufika kwenye kamba ya neva, na upungufu wa vitamini B12 huidhoofisha taratibu. Yote matatu yana tiba, na kila wiki inayopita bila tiba humwongezea mgonjwa uwezekano wa kubaki na ulemavu. Ukimwona mtu miguu imebadilika ghafla, au amepoteza hisia, au mkojo umeziba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.